Blauzi Zilizoimba Zenyewe

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Leo ni siku kubwa. Naiandika ili watakaokuja baadaye wajue mambo yalianzia wapi.

Asubuhi Mama Suzanne, prezida wa kwaya ya kanisa letu, amekuja studio. Jubilei ya kwaya ni Jumapili ya tarehe 15. Miaka hamsini! Wanataka picha moja kubwa ya kutundika ukutani kanisani. Nyeusi na nyeupe, ya filamu, ya kudumu. Na nipige mimi. Si Eddy!

Eddy ana kibanda ng'ambo ya barabara, anatazamana nami mchana kutwa. Anapiga picha kwa simu na kuzichapa kwenye kimashine kinacholia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mwaka juzi aliwachapa wazee wa kanisa. Wakatundikwa. Baada ya miezi mitatu wote walikuwa na rangi ya biringanya, na mmoja alikuwa ametoweka kabisa. Picha zangu mimi hazitoweki. Zina tatizo jingine.

Tatizo lenyewe nalitaja hapa tu, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Ni ukali. Ndivyo alivyouita marehemu Mzee Ntagwabira, aliyeshuka kutoka milimani na kamera shingoni, akafungua studio hapa mjini Baraka, akanifundisha kazi. Jua likiwa juu, nyeupe inaungua, nyeusi inazama, na katikati hakuna kitu. Pasaka iliyopita niliwapiga kwaya ufukweni mwa ziwa, saa sita kamili. Blauzi nyeupe, vitambaa vyeupe vya kichwani. Blauzi zilitoka, tena ziking'aa! Nyuso hazikutoka. Mji mzima ulikuja kutazama. Eddy ndiye aliyesema, kwa sauti, mbele ya wateja wangu, kwamba hii ni picha ya blauzi zinazoimba zenyewe.

Safari hii haliwezi kutokea tena. Iko sababu. Nitaiandika kesho, leo naona aibu.

Jumanne, 3 Oktoba

Sababu ni Mama Marthe.

Anaimba sauti ya pili. Mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto. Amefiwa na mume miaka minne sasa, mimi nimefiwa na mke miaka sita. Mwezi Agosti nilijikaza nikamwambia. Nilijieleza vizuri, nadhani. Nilisema tangu zamani naupenda uso wake. Akauliza: "Uso gani, Papa Jérémie? Umenipiga mara saba. Mi sijaonaka uso yangu ata mara moja. Siku nitaiona mu foto yako, ndio nitakujibu."

Mara saba! Nilirudi nyumbani nikahesabu. Ni kweli. Mara saba kitambaa kinang'aa, na chini yake giza. Kesho yake nilijaribu kumweleza kwamba uso wake unaisumbua filamu. Sikuchagua maneno vizuri. Alijibu kwamba uso wake hauna shida yoyote, shida iko mu ile machine yangu.

Kwa hiyo ni picha moja, uso mmoja, jibu moja. Na roli ya filamu ni moja pia. Imetoka Bujumbura, ikalala wiki mbili Mboko kwa sababu lori lilizama kwenye matope. Tarehe yake ya kuisha nimeibandika kipande cha plasta nisiione.

Nimefungua daftari la Mzee Ntagwabira. Ukurasa wa ukali una mistari mitatu tu: "Jua likiwa kali, ipe filamu mwanga mara mbili. Kwenye dawa ya kwanza punguza muda, dakika saba badala ya kumi na moja. Usiongeze akili yako."

Mzee alikuwa mtu mwema. Lakini hakuwa na mawazo makubwa. Kuongeza mwanga, wakati mwanga ndio adui! Kupunguza dawa inayoitoa picha, wakati nyuso tayari hazionekani! Nimelifunga daftari na kuliweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Meza imetulia. Angalau limefaa.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimepata njia! Kama uso ni mweusi mno kwa filamu, uso upunguzwe weusi. Poda ya watoto.

Nilihitaji mtu wa majaribio. Nimemchagua Albert, kaka mkubwa wa Mama Marthe. Hapo ndipo penye akili: Marthe akikubali, kwa Albert ndipo nitakapopeleka wazee wangu kuzungumza posa. Picha nzuri itamlainisha mapema. Albert anauza mihogo. Mchana wote anakaa mbele ya nyumba yake kulinda ile iliyoanikwa dhidi ya mbuzi, kwa hiyo hawezi kukimbia.

Nilikuwa na mabaki ya roli ya zamani, yanatosha picha nne. Nikamwambia poda ni utaratibu mpya wa studio. Akakubali shingo upande. Saa sita kamili, jua la utosi. Nikampaka usoni, shingoni, masikioni. Akapiga chafya. Nikaongeza. Mbuzi walitumia nafasi hiyo kula mihogo, lakini hilo si kosa langu.

Nimeisafisha mchana huohuo. Uso umeonekana! Wote, mweupe pe! Tatizo ni macho, yamebaki mashimo mawili. Nilimpelekea mke wake kama zawadi. Alipiga ukelele. Majirani wakaja mbio kuuliza Albert amefariki saa ngapi. Albert mwenyewe alikuwa amesimama palepale na kikombe cha maji mkononi, na bado watu wawili walimpa mke wake pole.

Habari zimemfikia Mama Suzanne kabla mimi sijafika nyumbani. Amenisubiri mlangoni. Amesema, na hakusema polepole: "Sisi hatupakake unga juu ya sura Mungu alitupatia." Basi poda imekufa.

Eddy ameomba nakala ya picha ya Albert. Nimemwambia studio imefungwa.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimeamka na jibu. Nyuso haziguswi? Sawa. Nitashusha blauzi! Nyeupe ikipungua kidogo, nyuso zitapanda zenyewe. Na kitu cha kupunguza nyeupe kiko katika kila jikoni. Chai.

Blauzi za kwaya ni kumi na nne, zinakaa kwenye sanduku kanisani, na ufunguo anao Mama Suzanne. Nilimwendea na uso wa unyenyekevu. Nikajitolea kuzipiga pasi zote, kama sadaka yangu ya jubilei. Aliuliza mwanaume anatafuta nini ku mablauzi ya bamama. Nikasema natafuta baraka. Akanipa sanduku.

Ningekuwa mwanasiasa ningefika mbali.

Jumamosi, 7 Oktoba

Sufuria ni moja. Blauzi ni kumi na nne. Hili sikulipigia hesabu.

Za kwanza zimekaa dakika mbili mbili. Za katikati zimekaa zaidi. Wakati wa zile za mwisho Eddy alinirushia neno kutoka ng'ambo, nikamjibu, akanijibu, na niliporudi jikoni maji yalikuwa meusi. Tano zimetoka rangi ya maziwa. Sita rangi ya udongo. Mbili zina mabaka ya ng'ombe. Moja ina jani zima la chai limejichora mgongoni, unaweza kuhesabu mishipa yake.

Nikazianika nyuma ya studio, mahali pasipopita mtu. Mama Suzanne akapita. Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu huyu mama akiimba, anasikika mpaka kwa wavuvi.

Jumapili, 8 Oktoba

Kwaya imeimba na nguo za nyumbani. Pasta ameuliza kulikoni. Bamama kumi na wanne wamegeuka kunitazama, kwa pamoja, bila hata mwalimu wao kuinua mkono.

Baada ya ibada wamezibeba blauzi kwenda ziwani. Nikafuata kwa mbali. Mama Marthe alikuwa na beseni lake pembeni, blauzi sita peke yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya msamaha, tena mazuri. Hakuniacha niyaseme. Alinipa kipande cha sabuni.

Nimefua! Nne kwa mkono wangu. Tulikaa saa nzima bega kwa bega, maji hadi magotini. Akaniambia kwa upole: "Papa Jérémie, jua ikiwaka sana, tunaingiaka mu kivuli. Ata mbuzi inajuaka ile." Nikamweleza kwamba sanaa ya picha si rahisi hivyo, kwamba kuna elimu ndani yake. Alicheka mpaka blauzi ikamponyoka. Ikabidi niingie majini na viatu kuifuata. Nilikuwa na furaha. Naandika wazi, sijapata furaha kama hiyo tangu nifiwe.

Blauzi zimerudi karibu nyeupe. Karibu. Zimebaki na rangi kama ya maziwa yaliyochungulia kikombe cha chai. Lile jani bado lipo, lakini lipo mgongoni, na picha inapigwa kwa mbele.

Jumatano, 11 Oktoba

Mawingu! Nimewezaje kutolifikiria mapema? Wingu ni shuka kubwa mbele ya jua. Mwanga unakuwa laini, ukali unakufa bila kumgusa mtu wala nguo ya mtu. Picha imepangwa Ijumaa. Nahitaji wingu la Ijumaa tu.

Na leo ni Jumatano, siku ya maombi. Mwenye haja anaandika kwenye karatasi, anatia kikapuni, pasta anasoma mbele ya watu wote bila kutaja jina, kanisa zima linaomba. Utaratibu mzuri sana, na nashangaa watu wanautumia kwa magonjwa tu. Nimeandika: "Ndugu mmoja anaomba mawingu mazito kuanzia kesho hadi Ijumaa jioni." Bila jina. Mwandiko nimeupinda.

Kosa lilikuwa dogo. Studio haikuwa na karatasi nyingine, kwa hiyo niliandika nyuma ya picha iliyoharibika. Pasta akaiinua juu ili asome. Na upande wa pili, uliowatazama watu wote, kulikuwa na Albert na poda yake.

Lazima nieleze. Huu ni wakati wa kuanika mihogo kabla mvua kubwa haijafika. Kila nyumba ina turubai limejaa. Ufukweni kuna ndagala mchanga wote, samaki wadogo wanaong'aa kutoka hapa hadi upeo wa macho. Katika Baraka yote, na rasi yote ya Ubwari ng'ambo ile, hakuna mtu anayetaka wingu. Ila mmoja. Na sasa wote wanamjua. Albert, aliyekaa benchi la tatu, aligeuka taratibu sana.

Pasta alikohoa. Alisema tutaombea hali ya hewa kwa ujumla.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua.

Si wingu. Mvua! Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mimi niliomba wingu tu, niliandika vizuri kabisa! Ndagala zimerudi ziwani zenyewe. Mihogo inaelea. Watu wanapita mbele ya studio wakitazama bati langu, kisha mbingu, kisha mimi. Mama mmoja nisiyemjua ameingia kuniuliza kwa adabu kama naweza kuomba ikome. Eddy ameandika kwenye ubao wa kibanda chake kwamba kwake picha ni jua wakati wote.

Nilimwamkia Albert. Salamu yangu ilianguka chini ikabaki pale.

Nilimkuta Mama Marthe sokoni chini ya mwavuli. Nikamwapia kwamba mimi si mleta mvua. Akasema anajua, kwa sababu katika yote niliyopanga tangu anifahamu, hajaona hata moja limetokea. Bado natafakari kama nilisifiwa.

Mvua ilipokatika nikabeba pazia lile refu la studio, lile ninalowasimamisha watu mbele yake, nikaenda nalo kwa Albert. Turubai lake lilikuwa bwawa. Tukalitandaza pazia barazani kwake, tukamwaga mihogo juu, nikaigeuza kipande kwa kipande mpaka mgongo ukakataa. Hili halikuwa mpango. Niliona vibaya tu. Mama Marthe alipita na ndoo kichwani, akatazama, akaendelea na safari yake. Pazia limenuka na halitafaa tena.

Ijumaa, 13 Oktoba

Siku ya picha. Mvua tangu asubuhi. Bamama wamefika na miavuli na matope hadi kwenye vifundo. Mama Suzanne ameniuliza liko wapi lile wingu zuri.

Tumejibana kwenye baraza la kanisa, chini ya mabati. Giza tupu mle! Nikafungua lenzi yote, nikaweka muda mrefu, ili filamu ipate angalau kitu. Bamama wakajipanga mistari miwili. Mama Marthe nyuma, wa tatu kutoka kushoto, akiwa na ile blauzi yenye jani. Alikuwa ameichagua mwenyewe, nimeambiwa. Sijui maana yake.

Nikahesabu moja. Nikahesabu mbili. Na jua likatoka!

Ghafla, kama mtu aliyefungua mlango. Ua uliolowa ukawaka wote. Ukuta wa chokaa wa nyumba ya pasta, unaotazamana na baraza, ukawaka pia. Bamama wakashtuka, kisha wakaangua kicheko, nami nikabonyeza. Nikabonyeza tena, na tena, roli yote, kwa hofu kwamba watabadili mawazo. Na ni baada ya picha ya mwisho tu, kamera ikiwa imegoma kwenda mbele, ndipo nilipokumbuka. Sikugeuza kitu! Lenzi ilikuwa bado imefunguliwa kwa ajili ya lile giza. Nimeimwagia filamu mwanga mara mbili ya haki yake. Labda na zaidi.

Mama Marthe ameuliza kama imetoka. Nimesema imetoka vizuri sana. Mungu anisamehe. Nimerudi nyumbani nikakaa na kofia kichwani.

Jumamosi, 14 Oktoba

Filamu imeharibika, lakini lazima isafishwe. Labda mkono mmoja wa mtu utaonekana, nitaukuza.

Balaa jipya: mvua imeingia ndani ya saa yangu ya ukutani. Imesimama. Dawa ya kwanza inataka dakika kumi na moja kamili, na kwenye chumba cha giza huwezi kubahatisha. Mtu pekee wa karibu mwenye saa ya kuaminika, ambayo imo ndani ya simu, ni yule. Nilizunguka studio mara tatu. Kisha nikavuka barabara.

Kwa haki lazima niseme Eddy hakunicheka. Alisema mama yake mdogo anaimba mstari wa mbele, na hata yeye angependa kumwona. Akakaa nje ya mlango wa chumba cha giza, simu mkononi, anihesabie dakika kwa sauti. Nikamimina dawa. Akaita moja. Akaita mbili. Kila kitu kikaenda vizuri. Akaita sita. Akaita saba.

Kisha hakuna.

Nikapiga kelele kumuuliza vipi. Akajibu, kwa sauti ndogo, kwamba simu imezima. Simu imezima! Sikujua ni dakika ya nane au ya ishirini, nikachanganyikiwa, nikaimwaga dawa yote na kutia ile ya pili. Baadaye tumekubaliana kwamba zilikuwa saba, haikufika hata ya nane. Saba, badala ya kumi na moja! Mwanga mara mbili, na dawa imepungukiwa dakika nne. Kosa juu ya kosa, na moja ni la Eddy. Nimemwita majina ambayo sitayaandika hapa.

Nikaitundika filamu kwenye kamba bila kuitazama, nikakaa kupanga jinsi ya kusema kwamba kamera imeibiwa. Nilikuwa nimeshamchagua mwizi, mrefu, mgeni, aliyekimbilia njia ya Fizi. Eddy, ambaye alikuwa hajaondoka, akaishika filamu kwenye ncha na kuielekeza dirishani. Akasema: "Papa Jérémie, kuko bantu humu. Bote."

Niliitia kwenye mashine ya kukuzia. Nikazamisha karatasi kwenye dawa. Zikaja blauzi kwanza, lakini si kama radi, zilikuja na mikunjo yake, na vifungo, na lesi ya kola. Kisha zikaja nyuso. Zote kumi na nne. Mashavu, nyusi, pengo la Mama Suzanne analolificha tangu nimfahamu. Na nyuma, wa tatu kutoka kushoto, Mama Marthe anacheka, na anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Yaani alikuwa ananitazama mimi.

Nimelia. Eddy alijifanya anatazama chupa za dawa.

Jumapili, 15 Oktoba

Imetundikwa! Kulikuwa na foleni kuanzia ukutani hadi nje. Kila mama alijitafuta kwa kidole, akajipata, akarudi nyuma ya foleni ili ajipate tena. Mama Suzanne alisimama mbele ya pengo lake kwa muda mrefu, nikajiandaa kukimbia. Alisema tu kwamba kumbe linampendeza. Albert amekuja. Ameangalia picha, ameangalia viatu vyake, kisha amenijulisha kwamba mihogo imekauka, mingi yake. Kwa Albert hayo ni maneno mengi.

Mama Marthe hakupanga foleni. Alisubiri mpaka watu wakatoka kanisani, ndipo akasogea. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, nikipanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Akajigusa mdomo kwa vidole. Akasema mama yake alifia Lubondja bila kupigwa picha hata moja, na sura yake alikuwa ameanza kuisahau. Na kwamba hakujua, hajawahi kujua, kwamba ule mdomo wa mama yake anautembeza yeye.

Nilishika kiti tu.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Siku ya posho Albert atakuwa ku nyumba. Ukuje na bazee bako. Ile poda ubakishe."

Siku ya posho ni Jumamosi. Jumamosi ijayo! Na kwenda na wazee, kila mtu hapa anajua maana yake. Nimetembea hadi ziwani na kurudi mara mbili bila sababu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Leo nimekaa chini kama mtu mzima na kuchunguza ushindi wangu umetoka wapi.

Ni wazi. Chai! Zile blauzi zilikuwa zimeshuka rangi, ndiyo maana mikunjo ilionekana. Na wingu. Niliomba wingu, likaja, na hata kama lilizidi kipimo, shabaha ilikuwa sahihi. Hayo mawili ndiyo yaliyouua ukali. Na yameuua licha ya mimi kusahau lenzi wazi, licha ya Eddy kuniharibia dawa. Fikiria picha ingekuwaje kama yale makosa mawili yasingekuwepo!

Nimelitoa daftari la Mzee Ntagwabira chini ya mguu wa meza. Kwa heshima zote, nimeikata ile mistari yake mitatu kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: CHAI. Kisha nimelirudisha mahali pake.

Sasa nafikiria harusi. Mama Marthe amesema, wazee wakielewana, picha ipigwe asubuhi, barazani pa kanisa, kivulini, basi. Nimemwitikia. Lakini hiyo si picha ya mtu aliyeushinda ukali. Itakuwa saa sita mchana, ufukweni, ziwa lote nyuma, suti yangu nyeusi, gauni lake jeupe. Atashangaa.

Jioni nimepita kwa Tania, fundi wetu wa cherehani, nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayezungumza tu, kama gauni la harusi linaweza kuenea ndani ya sufuria. Alisema inategemea sufuria. Nimeshaazima moja, ile ya kupikia sherehe.